UZI: Programu iliyo ndani ya RAM ya STM32 inarukia flashi kila interapti ikiingia

MitaYaPloti (Zimmerman)

Wadau, hamjambo. Naomba mnisaidie kufikiri.

Ninatengeneza mita za maji za kulipia kabla, za ploti moja huku Zimmerman, Nairobi. Maji ni ya kisima, na mwenye ploti anataka kila mpangaji alipie lita alizoteka badala ya bili kugawanywa sawasawa. Bodi ni Blue Pill yenye chipu ya STM32F103C8T6 (kwa kifupi F103 au C8) niliyonunua barabara ya Luthuli, na bodi moja inahudumia mabomba 6. Vihisi vya mtiririko wa maji ni YF-S201, mapigo 450 kwa lita. Toleo jipya la programu linakuja kwa mtandao wa simu (GSM), kisha chipu yenyewe inafuta kurasa za flashi (kumbukumbu inayobaki hata stima ikikatika) na kujiandika upya.

Wakati wa kufuta, mapigo yanapotea. Karatasi ya data inasema ukurasa mmoja wa kilobaiti 1 hufutwa kwa milisekunde 20 hadi 40, na muda huo wote prosesa ikihitaji agizo kutoka flashi inasimama kusubiri. Mtu akiteka lita 20 kwa dakika, mapigo ni 150 kwa sekunde, yaani 6 ndani ya milisekunde 40. Kidhibiti cha interapti (ishara inayoikatiza prosesa ishughulikie tukio) hukumbuka moja tu kati ya hayo, matano yamekwenda. Programu yangu ni kilobaiti 28, kwa hiyo hali mbaya kabisa ni mapigo 140, karibu theluthi ya lita kwa bomba moja kila tukisasisha. Ni maji kidogo, lakini mita inayouza maji ya watu haifai kukosea kwa sababu ninayoijua.

Nikaamua sehemu ya kuhesabu ihamie SRAM, yaani RAM ya ndani ya chipu. Kwa jaribio la kwanza nimeunganisha programu ndogo ya majaribio, yote ianzie 0x20000000 kwenye RAM, na kuipakia kwa debaga ya GDB kupitia kifaa cha ST-Link:

```
monitor reset halt
load
set $sp = *(unsigned int*)0x20000000
set $pc = *(unsigned int*)0x20000004
continue
```

Inaanza vizuri na inafika kwenye main. SysTick (taima ya ndani ya prosesa) ikipiga tu, taa ya bodi kwenye pini ya PC13 inaanza kupepesa kwa mwendo wa programu ya zamani iliyobaki kwenye flashi, na baada ya muda kila kitu kinagandia HardFault (hitilafu kuu ya prosesa). Jampa ya BOOT0 iko 0, yaani chipu inaanzia flashi. Programu ya RAM inaijuaje ile ya flashi?

---

MwalimuWaChipu (Kariobangi)

Programu yako haijui lolote kuhusu ile ya zamani. Anayeijua ni prosesa.

Kwenye Cortex-M3, ambayo ndiyo prosesa ya chipu yako, interapti ikiingia, prosesa huenda kwenye jedwali la vekta, husoma anwani ya kazi husika, na kurukia hapo. Jedwali liko wapi? Liko pale rejista ya VTOR inaposema, na VTOR iko 0xE000ED08. Baada ya kuwashwa upya thamani yake ni sifuri. Na kwa sababu BOOT0 yako ni 0, anwani sifuri ni kioo cha flashi iliyoko 0x08000000. Wewe umepakia baiti zako RAM, ukaweka staki na PC (anwani ya agizo linalofuata) kwa mkono, ukaondoka. VTOR hukuigusa. Kwa hiyo main ni yako, lakini kila interapti ni ya programu ya zamani.

Hata HardFault yako ina maelezo. Ile kazi ya zamani ya SysTick inaongeza kihesabio chake mahali fulani mwanzoni mwa RAM, kwa sababu enzi zake hapo palikaa vigeu. Sasa hapo pana maagizo yako. Kila mpigo wa SysTick unabadilisha neno moja la msimbo wako, mpaka prosesa ipite hapo ikute takataka.

Ongeza mstari huu kabla ya continue:

```
set *(unsigned int*)0xE000ED08 = 0x20000000
```

Halafu fungua faili la system_stm32f1xx.c ulilo nalo. Matoleo ya zamani ya SystemInit huandika VTOR upya kuelekeza flashi, isipokuwa umefafanua VECT_TAB_SRAM. Ukiliacha hivyo, utaweka thamani kwa GDB na SystemInit itaifuta kabla hujafika main, na utashinda usiku kucha ukilaumu debaga. Jedwali lenyewe lianzie kwenye mpaka wa baiti 512. 0x20000000 iko sawa.

Mimi huwaambia vijana wanaokuja kujifunza kwangu waulize jambo moja kwanza: nani anaziweka baiti kwenye RAM, na saa ngapi? Hapa ni debaga, mara moja, ukiwa umekaa mezani. Stima ikikatika, programu haipo tena. Hiyo ni njia nzuri ya kufanyia majaribio, hasa kwa kuwa flashi ya F103 imehakikishiwa kufutwa mara 10,000 tu na RAM haina kikomo hicho. Lakini mita iliyofungwa ukutani haina GDB. Pale msimbo lazima ulale kwenye flashi, kisha msimbo wa kuanzisha uunakili RAM kila chipu inapoamka, vilevile unavyonakili vigeu vyenye thamani za mwanzo.

---

DadaSolda (Umoja)

Kaka MitaYaPloti, kabla hujaingia ndani sana: sehemu ya kazi hii haihitaji prosesa hata kidogo.

Taima za F103 zinaweza kuhesabu mapigo ya nje zenyewe. TIM2 ikipokea ishara kupitia PA0 kama saa ya nje, kihesabio chake kinapanda bila interapti na bila agizo lolote kusomwa. Flashi ifutwe, prosesa isimame, kihesabio kinaendelea. Ni cha biti 16, maana yake kinajaa baada ya mapigo 65,536, takriban lita 145. Una muda mrefu sana wa kuja kusoma tofauti.

Angalia umeme tu. Kihisi ukikilisha volti 5 kinatoa mapigo ya volti 5, na PA0 ya F103 haivumilii volti 5. Weka rezista mbili za kugawanya. Pini za PA0 hadi PA7 zote ni hivyo, na watu wengi huzichoma kwa kudhani chipu nzima inavumilia.

---

MitaYaPloti

Dada, asante sana. Hilo la PA0 limeniokolea bodi. Ila mabomba ni 6, na C8 ina taima 4 tu, ambazo moja naitumia kwa vali. Kwa hiyo mabomba 3 nitayapeleka kwenye taima na 3 yatabaki kwenye interapti za pini.

Mwalimu, mstari wa VTOR umefanya kazi. SysTick sasa ni yangu. Sasa nataka njia ya kudumu: msimbo ulale flashi, unakiliwe RAM. Nimeweka `__attribute__((section(".ramfunc")))` kwenye kazi za interapti za zile pini, lakini nikipima kwa jenereta ya mapigo bado yanapotea wakati wa kufuta. Ramani ya linka (programu inayopanga msimbo kwenye anwani zake) inaonyesha kazi hizo ziko 0x2000xxxx kweli.

---

MwalimuWaChipu

Umehamisha kazi za interapti tu, bado vimebaki vitu vitatu. Na hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Cha kwanza ni jedwali la vekta. Kazi yako iko RAM, sawa, lakini prosesa itajuaje anwani yake? Lazima isome jedwali, na jedwali bado liko flashi. Flashi inafutwa, kusoma kunasubiri, na milisekunde zako ni zilezile. Nakili jedwali zima RAM mwanzoni mwa main, elekeza VTOR huko, kisha DSB na ISB (maagizo ya kuhakikisha badiliko limekamilika kabla ya kuendelea).

Cha pili ni kitanzi kinachosubiri flashi imalize, kile kinachoangalia biti ya BSY. Kikiwa flashi, agizo linalofuata baada ya kuanzisha kufuta lazima litoke flashi, na prosesa inagandia katikati ya kusoma agizo. Ikiwa imegandia hivyo haiwezi kupokea interapti yoyote, hata kama kazi na jedwali viko RAM. Kazi nzima ya kufuta, kuanzia kuweka biti ya STRT hadi BSY kuzima, iende RAM.

Cha tatu ni kila kitu kinachoitwa na hivyo viwili, na hiki ndicho kinachojificha. Kazi ya interapti ikiita memcpy, memcpy iko flashi. Ikiwa na switch kubwa, kompaila huweza kuweka jedwali la kuruka pamoja na data zisizobadilika, nazo ziko flashi. Ukitumia maktaba ya HAL, SysTick inaita HAL_IncTick kila milisekunde, na hiyo iko flashi: SysTick itapiga katikati ya kufuta, itakwama, na interapti za pini zenye kipaumbele sawa au cha chini zitakaa foleni nyuma yake. Hata zile za kipaumbele cha juu hazitasaidika, kwa sababu prosesa yenyewe imeshikwa kwenye usomaji. Ama uzime SysTick wakati wa kufuta, ama uihamishe nayo.

Usiamini macho kwa msimbo wa C. Toa maagizo yenyewe kwa `arm-none-eabi-objdump -d` na ukague kila BL (agizo la kuita kazi nyingine) ndani ya kazi za RAM. Utakapoona jina linaloishia na `_veneer`, simama. BL ya Thumb-2 inafika megabaiti 16 tu mbele au nyuma, na kati ya 0x08000000 na 0x20000000 kuna megabaiti 384. Linka ikiona mwito unaovuka umbali huo inaingiza daraja dogo la kurukia mbali bila kukuuliza. Daraja hilo ndani ya kazi ya RAM ni ushahidi kwamba kuna mtu anarudi flashi.

Sehemu ya skripti ya linka:

```
.ramfunc : {
  . = ALIGN(4);
  _sramfunc = .;
  *(.ramfunc*)
  . = ALIGN(4);
  _eramfunc = .;
} >RAM AT>FLASH
_siramfunc = LOADADDR(.ramfunc);
```

`>RAM` ni anwani ya kuishi, `AT>FLASH` ni anwani ya kulala. Kwenye msimbo wa kuanzisha, nakili kutoka `_siramfunc` kwenda `_sramfunc` mpaka `_eramfunc`, kabla ya kuwasha interapti yoyote. Ukisahau kitanzi hicho, linka haitalalamika wala kompaila haitasema neno. Utarukia RAM tupu.

---

KijanaRongai

Mwalimu, kwa nini asihamishe programu nzima RAM tu? Mimi natumia Raspberry Pi Pico na kwenye SDK yake (zana za kuandikia programu) ni mstari mmoja, `pico_set_binary_type(mita copy_to_ram)`, na kila kitu kinanakiliwa chipu ikiamka. RAM pia ina kasi kuliko flashi.

---

MwalimuWaChipu

Kijana, RP2040, chipu ya Pico yako, ina kilobaiti 264 za SRAM. F103C8 ina 20. Programu yake ni 28. Hesabu imekwisha hapo.

Lakini Pico ni mfano mzuri kwa uzi huu, kwa hiyo tuuangalie. RP2040 haina flashi ya programu ndani ya chipu. Flashi ni chipu nyingine pembeni, megabaiti 2 kwenye bodi ya Pico, na maagizo yanasomwa kupitia kache (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya kilobaiti 16. Ukiwasha, ROM ya ndani inachukua baiti 256 za kwanza za flashi, inaziweka SRAM, inahakiki jumla yake, kisha inazirukia. Hizo ndizo zinazosanidi flashi ya nje ili isomeke haraka. Yaani kila Pico yenye RP2040, hata ile ambayo mwenyewe hajawahi kufikiria RAM, huanza maisha kwa programu iliyopakiwa RAM.

Na ukifuta flashi kwenye Pico, usomaji kupitia kache unazimwa kabisa. F103 inakusubirisha. RP2040 haisubiri, ukigusa flashi wakati huo unaanguka. Ndiyo maana unazima interapti na kusimamisha kiini cha pili kabla ya `flash_range_erase`, au unaweka kazi zako kwenye `__not_in_flash_func`. ESP32 nayo ni ndugu wa tatizo hili: kazi ya interapti isipokuwa na IRAM_ATTR, na data yake isipokuwa na DRAM_ATTR, kuandika flashi kunaweza kukuletea ujumbe kwamba kache imezimwa na umegusa eneo lake.

Kuhusu kasi, hapana, si hivyo moja kwa moja. Kwenye F103 kwa megahezi 72 flashi inahitaji mizunguko 2 ya kusubiri, na RAM haihitaji. Ukiishia hapo RAM imeshinda. Lakini Cortex-M3 ina njia tofauti za maagizo na data kwa anwani zilizo chini ya 0x20000000, na kuanzia hapo kwenda juu maagizo na data vinapita njia moja ya System. Msimbo ulio RAM unaosoma vigeu vilivyo RAM unagombania njia na nafsi yake. Flashi nayo ina bafa inayosoma mbele. Kwa hiyo msimbo ulionyooka unaweza kwenda polepole zaidi ukiwa RAM, na ule wenye kurukaruka kwingi ukanufaika. Pima. Washa biti ya 24 ya 0xE000EDFC, washa kihesabio cha mizunguko cha DWT, soma 0xE0001004 kabla na baada.

---

DadaSolda

Naongezea kwa wanaotoka F103 kwenda chipu nyingine za STM32, maana RAM si moja. STM32F4 zenye CCM ya kilobaiti 64 kwenye 0x10000000: hiyo RAM haiwezi kuendesha msimbo, imeunganishwa na njia ya data peke yake. Ukiirukia unapata hitilafu. Kwenye F3 na G4 RAM yenye jina hilohilo la CCM inaendesha msimbo na imewekwa kwa kazi hiyo. Jina moja, waya tofauti. Somani mchoro wa mabasi ya ndani kabla ya kuandika skripti ya linka.

Kwenye F7 na H7 kuna ITCM (RAM ya haraka ya maagizo) kwenye anwani sifuri, kilobaiti 16 kwa F7 na 64 kwa H7, na hapo kasi ni ya kweli. Ila ukinakili msimbo kwenye SRAM ya kawaida ya chipu hizo huku kache ya data imewashwa, safisha kache ya data, batilisha ya maagizo, kisha DSB na ISB. Vinginevyo prosesa inaweza kusoma yaliyokuwa pale zamani.

---

FundiWaUno (Kayole)

Na sisi wa Arduino Uno?

---

DadaSolda

ATmega328P, chipu ya Uno, haiwezi, kaka. Maagizo yanatoka flashi pekee, na zile kilobaiti 2 za SRAM ni za data tu. Butiloda yake (programu ndogo inayoanza kwanza) inaandika flashi kwa agizo la SPM likiwa kwenye sehemu yake maalum, basi.

---

MitaYaPloti

Nimerudi na majibu. Jedwali la vekta liko RAM, kitanzi cha BSY kiko RAM, SysTick nimeizima wakati wa kufuta. objdump ilionyesha veneer moja: kazi ya pini ilikuwa inaita kazi ndogo ya kusoma muda, nami nilidhani kompaila imeimeza ndani. Nimeihamisha nayo. Jenereta ya mapigo na mita sasa zinakubaliana hata nikifuta kurasa mfululizo, kwa mabomba yote 6. Sehemu nzima ya .ramfunc pamoja na jedwali haifiki kilobaiti 2, kwa hiyo RAM imebaki ya kutosha kwa GSM.

Nimegawa flashi hivi: butiloda kilobaiti 8, nafasi mbili za kilobaiti 28, jumla 64. Toleo jipya linaandikwa kwenye nafasi isiyotumika, linahakikiwa, ndipo butiloda inahamia. Stima ikikatika katikati, la zamani bado lipo.

Swali la mwisho. Hizi mita zitakaa koridoni. Mtu mwenye ST-Link anaweza kunifanyia nilichofanya mimi, apakie programu yake RAM na kusoma salio za watu?

---

MwalimuWaChipu

Kupakia anaweza. Washa ulinzi wa kusoma wa flashi kwenye baiti za chaguo. Ukiwaka, debaga ikiunganishwa au chipu ikianza kutoka SRAM, flashi kuu haisomeki kwa njia ya kawaida. Mlango wa RAM wenyewe haufungwi: kwenye F103 mtu bado anaweza kupakia programu RAM na kuiendesha, na kwa njia hiyo anaweza hata kuuondoa ulinzi. Lakini ulinzi ukiondolewa flashi nzima inafutwa, kwa hiyo atabaki na bodi tupu.

Sasa fikiria hiyo bodi tupu. Vali yako ikikosa programu, inabaki wazi au inafunga? Chagua vali inayojifunga yenyewe umeme usipokuwepo, na salio zisiwe kwenye chipu peke yake, ziwe pia kwenye seva. Na pini za SWD, zile ST-Link inapochomekwa, usiziache na vichwa vyake vimesimama nje ya kasha. Zikate baada ya kupima, acha alama za shaba tu ndani, ukihitaji utagusisha sindano.

---

MitaYaPloti

Vali ni ya kujifunga. Salio ziko seva, chipu ina nakala. Pini nazikata kesho kabla ya kufunga mita ya kwanza. Skripti nzima ya linka na msimbo wa kuanzisha nitaviweka hapa jioni nikifika nyumbani, ili mwenye F103 na tatizo kama hili asianze sifuri.